Springi za faiba: Faida imo kwenye uzito, hasara imo kwenye ncha

WAFANYABIASHARA wa spea za malori na wawekezaji wadogo wanaofikiria kuingiza springi nyepesi za faiba wana kila sababu ya kuichunguza biashara hiyo. Hata hivyo, wasianzie kwenye namba ambayo wauzaji huitanguliza, yaani uzito. Ni kweli kwamba springi ya faiba ni nyepesi sana kuliko ya chuma, na ni kweli kwamba wepesi huo ni fedha kwa mwenye lori. Lakini kinachoamua kama bidhaa itakaa barabarani au itarudishwa dukani ni vipande vidogo vya kuzuia kulika vinavyowekwa kwenye ncha za springi, na hasa namna vilivyoshikizwa.

Vipande hivyo ni sehemu ndogo sana ya springi nzima. Katika picha za matangazo mara nyingi havionekani. Lakini vikilegea, springi iliyonunuliwa kwa bei kubwa huanza kujila yenyewe, na hakuna fundi wa tanuri anayeweza kuirudisha katika hali yake.

BIDHAA YENYEWE

Springi ya faiba hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za kioo zilizoloweshwa rezini, kisha zikabanwa katika kalibu na kukaushwa kwa joto. Wanaozijua boti za faiba za pwani wanaijua malighafi hii. Tofauti ni kwamba katika boti nyuzi hupangwa kuelekea pande nyingi, wakati katika springi karibu nyuzi zote hulazwa kufuata urefu wa bapa, kwa sababu huko ndiko nguvu inakokwenda gari linapopanda na kushuka.

Bidhaa hii si ngeni katika viwanda vya magari. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliiweka kwenye gari la Chevrolet Corvette la mwaka 1981. Bapa moja la faiba, lililolala kukingama upande wa nyuma, lilichukua nafasi ya springi ya chuma yenye mabapa mengi. Springi ya zamani ilikuwa na uzito wa takriban kilo 19. Mpya ilikuwa na takriban kilo 3.6. Kuanzia toleo la 1984 gari hilo liliwekewa springi za faiba mbele na nyuma, na utaratibu huo uliendelea hadi toleo la 2019. Toleo la 2020 lilipohamisha injini na kuiweka nyuma ya dereva, springi za bapa ziliachwa na zile za kuzunguka zikachukua nafasi.

Ulaya nayo haikubaki nyuma. Gari dogo la mizigo na abiria la Mercedes-Benz Sprinter la mwaka 2006 lilikuja na bapa la faiba mbele. Volvo ya Sweden iliponadi XC90 mpya mwaka 2014, upande wa nyuma uliwekewa bapa moja la faiba lililokingama, lenye rezini ya poliyurethini. Kiwanda kilieleza kwamba gari lilipungua uzito kwa kilo 4.5 ukilinganisha na springi za kawaida za kuzunguka. Mpangilio huo ulifuatia katika S90, V90 na XC60.

Kwa hiyo bidhaa imekwisha kuingia Afrika Mashariki bila kutangazwa, ikiwa chini ya magari ya mitumba. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotimiza zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba XC90 ya mtumba inayopitishwa sasa bandarini Mombasa ni ya kizazi hiki cha springi za faiba. Muuza spea atakayeulizwa kipuri chake hatakiwi kushangaa.

WEPESI UNATOKA WAPI

Mnunuzi wa kawaida hudhani kwamba springi bora ni ile iliyo ngumu zaidi. Kazi ya springi, hata hivyo, ni kupokea nguvu ya pigo, kuihifadhi kwa muda mfupi na kuirudisha taratibu. Kwa kazi hiyo kitu kinachokubali kupinda bila kuvunjika kina faida kuliko kile kinachokataa kupinda.

Lita moja ya chuma ina uzito wa karibu kilo 7.8. Lita moja ya faiba ya springi ina uzito wa karibu kilo 2. Aidha, chuma kina ugumu wa karibu mara 5 ya ule wa faiba iliyolazwa nyuzi zake upande mmoja. Yakijumlishwa mambo hayo mawili na uimara wa nyuzi zenyewe, kilo moja ya faiba huhifadhi nguvu ya pigo mara kadhaa kuliko kilo moja ya chuma. Ndiyo sababu bapa moja nene la faiba linaweza kufanya kazi ya fungu zima la mabapa membamba ya chuma.

Kuna sifa nyingine mbili ambazo mfanyabiashara anaweza kuzitaja bila kudanganya. Kwanza, faiba hailiwi na kutu, jambo lenye uzito kwa magari ya pwani na yale yanayobeba chumvi au mbolea. Pili, bapa la faiba likichoka kwa kawaida huanza kupasuka nyufa za kufuata urefu na kuchanika nyuzi kidogo kidogo, tofauti na bapa la chuma linaloweza kukatika ghafla. Dereva mwenye macho hupata onyo.

Pamoja na hayo kuna kasoro ya kuzingatia. Mabapa mengi ya chuma husuguana yenyewe kwa yenyewe na msuguano huo husaidia kutuliza gari. Bapa moja la faiba halina msuguano huo, hivyo kazi ya kutuliza inabaki kwa shokapu. Gari lenye springi ya faiba na shokapu zilizochoka litayumba kuliko lile la chuma lenye shokapu hizo hizo. Muuzaji asiyemwambia mteja jambo hilo atalaumiwa kwa kosa la shokapu.

KWA NINI NCHA NDIYO TATIZO

Katikati ya bapa, pale linapofungwa kwenye ekseli kwa bolti za umbo la U, springi hubanwa na haitakiwi kucheza. Kwenye ncha mambo ni tofauti. Matrela mengi yana springi ambazo ncha zake hazikutobolewa jicho. Ncha hukaa ndani ya kishikio kilichochomelewa kwenye chasisi, na gari linapopanda na kushuka ncha huteleza mbele na nyuma ndani ya kishikio hicho. Hufanya hivyo maelfu ya mara katika safari moja, ikiwa imebeba sehemu yake ya uzito wote wa mzigo.

Chuma kinapoteleza juu ya chuma, pande zote mbili hulika, lakini kinachopotea ni milimita tu. Fundi huongeza kipande, hupiga nyundo, safari inaendelea. Faiba ni habari nyingine. Tabaka la nje ni rezini, na rezini ni laini. Ikisuguliwa na chuma huisha upesi, nyuzi za kioo hubaki wazi, huanza kukatika na kuchomoza kama nywele, na maji huingia ndani kupitia njia zilizoachwa. Kwenye barabara za changarawe vumbi huingia kati ya ncha na kishikio na kufanya kazi ya msasa.

Kwa sababu hiyo hakuna mtengenezaji makini anayeacha faiba iteleze moja kwa moja juu ya chuma. Ncha huvalishwa bamba la chuma, au kipande cha plastiki ngumu, au kofia inayoizunguka. Plastiki inayotumika mara nyingi ni polithini ya daraja la juu sana, ya aina ile ile inayowekwa kwenye viungo bandia vya nyonga hospitalini kwa sababu ya kuteleza vizuri na kutolika haraka. Swali linalofuata ndilo gumu: kipande hicho kitashikizwa vipi kwenye ncha isiyokubali kuchomelewa, isiyopenda kutobolewa na ambayo haikai bila kupinda?

NJIA ZA KUSHIKIZA

Njia ya kwanza ni gundi. Ni nyepesi, haikati hata uzi mmoja, na inasambaza nguvu juu ya eneo lote la bamba. Tatizo lake ni kwamba mafanikio hutegemea maandalizi ambayo mnunuzi hawezi kuyaona. Bapa linapotoka kwenye kalibu huwa na mafuta ya kulisaidia litoke bila kunata. Mafuta hayo yasipoondolewa na uso ukwaruzwe sawasawa, gundi itashika mafuta badala ya kushika faiba, na bamba litabanduka baada ya miezi michache.

Hata gundi iliyopakwa vizuri ina maadui wawili. Adui wa kwanza ni kupinda. Springi ikipinda, uso wake mmoja hurefuka na mwingine hufupika, wakati bamba la chuma lililobandikwa juu yake halitaki kufuata. Mvutano huo hukusanyika pembeni mwa bamba na kuanza kulibandua kama mtu anavyobandua stempu. Adui wa pili ni joto. Bamba la chuma lenye urefu wa milimita 100 likipata joto la nyuzi 50 zaidi hurefuka kwa karibu milimita 0.06 tu. Plastiki ya polithini yenye urefu huo huo inaweza kurefuka zaidi ya nusu milimita. Tena polithini kwa tabia yake haishiki gundi kwa urahisi. Hivyo plastiki iliyobandikwa kwa gundi peke yake, bila kizuizi kingine, ni dalili ya kwanza ya bidhaa ya kutiliwa shaka.

Watengenezaji wazuri hupunguza matatizo hayo kwa kuweka tabaka la mpira au gundi inayonyumbuka kati ya bamba na bapa, kwa kufanya bamba liwe fupi, na kwa kupunguza unene wa kingo zake ili zisibanduke. Tabaka hilo la mpira huchukua tofauti ya mwendo kati ya vitu viwili visivyofanana.

Njia ya pili ni bolti. Fundi yeyote anaielewa na kipande kikichakaa hubadilishwa kwa spana. Lakini tundu la bolti hukata nyuzi, na nyuzi zilizokatwa hazibebi tena mzigo. Ufa unaweza kuanzia kwenye tundu na kwenda kufuata urefu wa bapa kama kuni inavyopasuka. Kinachookoa njia hii ni kwamba nguvu ya kupinda hupungua kadiri mtu anavyoisogelea ncha, na mwisho kabisa wa ncha huwa haipo. Tundu lililo mwishoni kabisa, mahali palipoongezwa unene, linaweza kuvumilika. Corvette ya mwaka 1984 na zilizofuata zilifungwa nyuma kwa bolti iliyopita kwenye ncha ya bapa, ikiwa na mpira wa kupunguza mishtuko. Tundu lililosogezwa ndani, hata kwa sentimita chache, ni hatari. Na tundu lililotobolewa na fundi wa mtaani ili kupachika kipande chake mwenyewe huondoa dhamana yote.

Njia ya tatu ni kofia inayovalishwa ncha, yenye mbavu za pembeni zinazoizuia isichomoke. Mara nyingine ncha yenyewe hutengenezwa ikiwa na mgongo au bonde dogo, na kofia ikaingia hapo na kujifunga. Hakuna nyuzi zinazokatwa, gundi hutumika kama msaidizi tu, na kofia iliyolika inaweza kutolewa na mpya ikavalishwa. Udhaifu wake ni uchafu: kofia isiyobana vizuri huingiza mchanga ndani, na mchanga huo husaga faiba pale pale ambapo jicho halioni.

Njia ya nne ni kuweka bamba kwenye kalibu tangu mwanzo, rezini ikakauka huku ikilikumbatia. Mshikamano huwa mzuri na bei ya kazi hupungua kiwandani. Lakini bamba likiisha, ndiyo springi imekwisha. Kwa gari la abiria linaloendeshwa kwenye lami jambo hilo linaweza lisiwe na madhara, kwa kuwa gari linaweza kuchakaa kabla ya bamba. Kwa trela la changarawe hesabu ni tofauti kabisa.

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayetazama njia hizo nne ana jibu moja lililo wazi. Kwa magari ya mizigo mizito, kipande cha kuzuia kulika lazima kiwe kinabadilishika, na kiwe kinapatikana peke yake bila kununua springi nzima. Bidhaa isiyokidhi sharti hilo ina faida kwa kiwanda kuliko kwa duka.

HESABU YA MWENYE LORI

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Kwenye mizani ya Vigwaza au Mariakani hakuna anayeuliza kama uzito ni wa mzigo au wa chuma cha trela. Kila kilo inayoondolewa kwenye trela inaweza kuwa kilo ya mzigo unaolipiwa.

Ichukuliwe kwa mfano trela yenye ekseli tatu na springi sita, na kila springi ya faiba ikawa nyepesi kwa kilo 30 kuliko ya chuma. Namba hizo ni za mfano tu. Kila mnunuzi aweke za kwake. Trela hiyo imepata nafasi ya kilo 180. Ikiwa inafanya safari 40 zenye mzigo kwa mwaka, nyongeza ni tani 7.2. Kwa anayebeba shaba kutoka Zambia au Kongo, saruji au mafuta, nyongeza hiyo ni halisi, kwa sababu mzigo wake hufika kikomo cha uzito kabla trela haijajaa. Kwa anayebeba magodoro, ndoo za plastiki au mikate, nyongeza ni sifuri. Trela lake hujaa kabla mizani haijalalamika.

Sasa igeuzwe shilingi upande wa pili. Springi moja iharibike ncha njiani, na trela lisimame kusubiri kipuri kutoka nje kiasi cha kukosa safari mbili tu za tani 30. Tani zilizopotea ni 60. Kwa nyongeza ya tani 7.2 kwa mwaka, mwenye trela atahitaji zaidi ya miaka 8 kurudisha alichopoteza katika majuma hayo. Hapo ndipo inapoonekana kwamba faida ya uzito huingia kidogo kidogo kama matone, wakati hasara ya ncha huja kwa ndoo.

Hesabu hii haisemi kwamba springi za faiba hazifai. Inasema kwamba thamani yake haiwezi kutenganishwa na vipande vyake vya ncha na vilipo. Springi iliyo na kofia za akiba kwenye rafu ya Dar es Salaam au Nairobi ni bidhaa moja. Springi ile ile isiyo na kofia za akiba ni bidhaa nyingine, hata kama zimetoka kwenye kalibu moja.

FUNDI NA CHUMA CHAKAVU

Kuna upande wa biashara ambao orodha za bei za nje haziugusi. Springi ya chuma Afrika Mashariki haifi. Ikilala, fundi huipasha moto na kuirudishia mkunjo. Ikikatika bapa moja, hubadilishwa bapa hilo pekee. Mwenye pikapu anayetaka kubeba zaidi huongeza bapa. Mwisho kabisa chuma hicho hufika kwa wahunzi, kikageuzwa majembe, mapanga, patasi na visu. Bei ya springi ya chuma, kwa hiyo, ina mkia: hata mabaki yake yana mnunuzi kwa kilo.

Springi ya faiba haina mkia huo. Haiwezi kupigwa moto, kwa kuwa rezini za aina nyingi huanza kulainika zinapozidi joto la nyuzi mia moja na kitu, wakati moto wa kuchomelea huzidi nyuzi 1,000. Hata cheche za kuchomelea kishikio cha chasisi kilicho jirani zinaweza kuiharibu kama haikufunikwa. Haiongezewi bapa kienyeji. Ikiisha ni taka, tena taka isiyofaa kuchomwa moto wala kukatwa bila kujikinga na vumbi la kioo.

Kwa mafundi wa springi wa Gerezani au Kamukunji habari hii inaweza kusikika kama tishio. Kwa sasa malori mengi na matrela ya ukanda huu bado yanatembea kwa chuma, na kazi ya tanuri ipo. Lakini fundi anayetaka kuwa tayari anaweza kujifunza kazi mpya iliyo kwenye ncha: kukagua, kuvua kofia iliyolika, kusafisha, kukwaruza uso, kupaka gundi kwa kipimo na kuvalisha kofia mpya. Ni kazi isiyohitaji mtambo mkubwa, ila inahitaji usafi na subira ambavyo si kawaida ya gereji yenye mafuta sakafuni.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vifaa vya gharama. Doa jeupe kama maziwa ndani ya faiba, karibu na ncha au kando ya bolti, ni dalili kwamba matabaka yameanza kuachana. Sarafu ikigongwagongwa juu ya bamba lililobandikwa hutoa mlio mkali mahali gundi iliposhika, na mlio mzito uliokufa mahali ilipoachia. Kofia inayocheza kwa mkono, au vumbi jeupe la kioo kwenye kishikio, ni sababu ya kusimamisha gari.

FORODHA

Waagizaji wanashauriwa kutopuuza suala la namba ya ushuru. Springi za bapa zina kifungu chao katika orodha ya kimataifa ya ushuru, namba 7320.10, lakini kifungu hicho kinataja springi za chuma na feleji pekee. Springi ya nyuzi za kioo na rezini haiwezi kuingizwa humo kwa sababu tu inafanya kazi ile ile. Wakala wa forodha anayenakili namba ya chuma kutoka kwenye nyaraka za zamani anamweka mteja wake kwenye hatari ya kukadiriwa upya, faini na gharama za bandari wakati kontena limesimama.

Njia salama ni kuomba uamuzi wa maandishi wa mamlaka ya mapato kuhusu kifungu kinachostahili kabla mzigo haujapakiwa, na kuambatanisha maelezo ya kiwanda yanayoonyesha bidhaa imetengenezwa kwa nini. Vipande vya ncha vikiagizwa peke yake navyo viombewe uamuzi wake, kwa sababu kofia ya plastiki na bamba la chuma si bidhaa moja mbele ya forodha.

MASWALI KABLA YA KULIPA

Kwa mwenye mtaji mdogo, mazungumzo na muuzaji wa nje yanaweza kufupishwa katika maswali sita.

Kwanza, kipande cha ncha kimeshikizwa kwa njia gani, na je, kinaweza kubadilishwa bila kurudisha springi kiwandani?

Pili, kipande hicho kinauzwa peke yake, kwa bei gani, na kwa kiasi gani cha chini cha kuagiza?

Tatu, kama kuna bolti, tundu lilitengenezwa kwenye kalibu au lilitobolewa baadaye, na liko umbali gani kutoka mwisho wa ncha?

Nne, springi ilijaribiwa ikiwa na vumbi na maji kwenye ncha, au ilijaribiwa ikiwa safi na kavu? Majaribio ya mamilioni ya mipindo kwenye mashine safi yanaeleza uimara wa mwili wa springi, lakini hayasemi mengi juu ya ncha.

Tano, je, bapa hili nene litaingia kwenye vishikio na bolti za U zilizopo, au mteja atalazimika kununua na hizo pia?

Sita, dhamana inahusu springi nzima au mwili wake tu? Dhamana nyingi huondoa sehemu zinazochakaa kwa kawaida. Ikiwa kofia imeondolewa kwenye dhamana na kukosekana kwake kunaharibu mwili, basi mnunuzi hana dhamana yoyote.

Muuzaji anayejibu maswali hayo kwa michoro na vipimo anastahili kuendelea kusikilizwa. Anayejibu kwa kurudia uzito wa springi amekwisha kutoa jibu lake.

Kwa wasio na mtaji wa kuagiza springi zenyewe, nafasi iliyo wazi inaweza kuwa ndogo zaidi na salama zaidi. Kadiri magari yenye bapa za faiba yanavyozidi kuingia, mahitaji ya mipira, kofia na mabamba ya ncha yatatangulia mahitaji ya springi kamili, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyokwisha kwanza. Ni vipuri vyepesi kusafirisha, havichukui nafasi kwenye rafu, na mteja wake huja akiwa na gari lililosimama. Atakayekuwa navyo siku hiyo atauza bila kubembeleza.